Kadi ya Panzi

"Limetengenezwa nchi gani?" Yasmini, karani wa usajili wa magari, aliuliza, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Hapa hapa," Gervasi akajibu. "Kanyenye."

"Kanyenye si nchi, baba."

Watu waliopanga foleni nyuma yao wakacheka. Yasmini hakuwa na ubaya. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya Japani, India na Ujerumani, na aliyeitunga hakuwahi kumfikiria mtu atakayetengeneza gari kwa mikono yake nyuma ya nyumba ya kupanga. Demetria, aliyesimama ubavuni mwa mumewe akikumbatia faili la plastiki, alijilazimisha kucheka pamoja nao ili mume asichekwe peke yake.

"Andika Tanzania," alisema.

"Kampuni?"

"Ndiye huyu."

"Mwaka lilipotengenezwa?"

Mke na mume wakatazamana. Chesisi ilinunuliwa wakati mtoto wao wa mwisho anaanza kutambaa, na sasa mtoto huyo alikuwa darasa la kwanza. Gervasi alikohoa akasema waandike mwaka jana, kwa sababu Desemba ndipo lilipotembea lenyewe kwa mara ya kwanza kutoka uani hadi barabarani, majirani wakapiga vigelegele, mtu mmoja akaliita Panzi kwa ile miguu yake mirefu, na jina likaganda.

Yote haya yaliletwa na kizuizi cha barabara ya Urambo. Jumatatu asubuhi Gervasi alikuwa anakwenda Usinge, jenereta na mashine ya kuchomelea vikiwa vimefungwa nyuma ya Panzi. Wakulima wa tumbaku wa huko walikuwa wanamsubiri, maana mabomba ya kupitisha moto kwenye mabani yao ya kukaushia majani yalikuwa yametoboka, na majani yalikwishaanza kuiva shambani. Bani lisilo na bomba zima halikaushi tumbaku, linaichoma. Mahali pa pleti namba Gervasi alikuwa ameandika MAJARIBIO kwa chaki. Trafiki walilisoma neno hilo, wakalizunguka gari, wakalivuta mpaka kituoni.

Kituoni kulikuwa na tangazo ukutani. Jumamosi lori la chuma chakavu lingekuja kusafisha uwanja, na chochote kisicho na karatasi kufikia Ijumaa saa kumi jioni kingepakiwa. Na siku hii ya dirishani kwa Yasmini ilikuwa Jumatano.

"Lakini lile ni gari," Demetria alimwambia Yasmini. "Lina injini. Linatembea."

"Mama, mpaka likipata kadi ndipo linakuwa gari. Kwa sasa ni vyuma." Yasmini alisema hivyo kwa upole kabisa, kisha akawahesabia wanachotakiwa kuleta: ukaguzi wa askari, hati za kununulia injini na chesisi, kitambulisho cha mwenye gari.

Demetria alilipapasa faili lake. Vyote vilikuwemo, tena kwa mpangilio. Mwandiko wa Gervasi ulikuwa haufai hata kuandikia bei ukutani, kwa hiyo karatasi zote za nyumba ile zilikuwa kazi ya mkewe, na alijivunia jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

*

Alhamisi asubuhi Afande Ngollo, mkaguzi, alitandika gunia chini akaingia uvunguni mwa Panzi na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Gervasi alisimama ameshika kofia, akisikiliza nyundo ndogo ya askari ikigonga kiungo kimoja baada ya kingine.

"Hapa nani kachomelea?" sauti ikatoka chini.

"Mimi, afande."

"Na hapa?"

"Mimi."

Ngollo akatoka, akajifuta vumbi magotini. "Ulisomea wapi kazi hii?"

"Kambini kwetu, kulikuwa na padri mmoja..." Gervasi akajikata. "Kijijini. Kijijini kwetu."

Afande hakulishika neno hilo. Alipanda garini, akakimbiza Panzi mpaka mwisho wa uwanja, akakanyaga breki, akarudi kinyumenyume, akakanyaga tena. Aliposhuka alikuwa anatabasamu. "Nimekagua malori yenye kadi za kila rangi," alisema, "na hayana breki za namna hii. Nasikia mjini wanakuita fundi wa mageti. Wewe si wa mageti." Akasaini palepale, juu ya boneti.

Demetria alitaka kuruka. Alimwona Gervasi akigeuka pembeni kujifanya anakagua tairi, akajua kwamba machozi yamemlengalenga. Walirudi dirishani kwa Yasmini wakitembea haraka, na foleni haikuwasumbua hata kidogo.

Yasmini alizipanga karatasi mbele yake. Akasoma hati ya injini. Akasoma ya chesisi. Akakishika kitambulisho, akakiweka, akakishika tena.

"Huyu Gervasi Venansi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho hiki ni cha Gervasi Nizi... Nizigi..." Alijaribu mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wanavyofanya jina linapowashinda. "Baba, hebu nisaidie hapa."

Gervasi alitazama ukuta.

"Nizigiyimana," Demetria alisema.

Vichwa vikainuka kwenye foleni. Wa tatu nyuma yao alikuwa Mama Asnath, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kubadilisha jina la pikipiki ya mwanawe. Demetria hakugeuka kumtazama, lakini aliisikia mikufu yake ikilia aliponyoosha shingo.

"Jina la wapi hilo?" mwanamume mmoja akauliza nyuma.

"Sijauliza la wapi," Yasmini akamjibu mkali. "Nauliza la nani." Kisha akaishusha sauti. "Baba, mimi sina shida na wewe. Lakini injini imenunuliwa na Venansi, chesisi kanunua Venansi, na wewe unaniletea kitambulisho cha mtu mwingine. Nikikusajilia, kesho Venansi akija kudai gari lake nitamwambia nini? Leteni barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema hawa ni mtu mmoja, mkaape kwa hakimu. Kabla ya kesho saa kumi."

Hati zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa Demetria, mviringo, bila kufutwafutwa hata mahali pamoja.

*

"Kwa mwenyekiti Wenceslaus siendi," Gervasi alisema walipofika nyumbani. Hakuwa amevua hata viatu.

"Cheti cha uraia unacho. Unamwogopa nini?"

"Simwogopi. Raia ni mimi na raia ni yeye, sote sawa. Si habari ya uraia, Demetria. Nilimwambia kwetu ni Kasulu."

Demetria alikaa kitandani. Wa kwanza kusema Kasulu alikuwa yeye. Miaka kumi na minne iliyopita walipotoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na begi moja, mwenye nyumba wa kwanza alilisikia jina la Gervasi, akakumbuka ghafla kwamba chumba kina mtu. Kwa wa pili Demetria aliwahi kujibu: mume wangu anaitwa Gervasi Venansi, Muha wa Kasulu. Venansi lilikuwa jina la baba mkwe wake kweli, kwa hiyo hakuona amesema uongo mkubwa, na Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mtu wa Tabora hawezi kuvitenga. Wakapata chumba. Wengi wa kule kwao walikuwa na jina la mjini namna hiyo, wanalivaa asubuhi wakienda kazini.

Ila mke wa mwenyekiti Wenceslaus alikuwa Muha wa Kasulu. Wenceslaus aliposikia Kasulu, mikono juu, akamwita Gervasi shemeji tangu siku hiyo. Walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Mwanawe Wenceslaus alipooa, Gervasi alikaa upande wa wajomba. Baba mkwe wa Wenceslaus alipofariki, mzee alimchukua Gervasi mpaka Kasulu kuzika, akamwonesha mashamba ya ukoo.

"Niko tayari kulala na njaa," Gervasi alisema, "lakini siwezi kusimama mbele ya yule mzee nikamwambia si shemeji yake."

Simu ikalia. Alikuwa Prosperi, katibu wa wakulima wa Usinge. "Fundi, tunakungoja mpaka Jumapili. Majani ya chini yameshakuwa manjano, yakipita hapo ni ya kutupa. Usipofika tutamchukua yule wa Kaliua, japo kazi yake tunaijua." Gervasi alisema atafika, akakata, akaketi kwenye kigoda akitazama viganja vyake.

"Zablon wa stesheneri ana njia," alisema hatimaye. "Nimempitia wakati wewe unanunua sukari."

*

Njia ya Zablon ilikuwa fupi na safi. Ijumaa asubuhi waliikuta imeshachapwa, karatasi bado ina joto la mashine. Zablon alikuwa kijana mwenye miwani, anayetunga mikataba ya nusu ya Kanyenye, na aliisoma kwa sauti kwa sababu aliipenda.

"Mimi, Gervasi Venansi, mkazi wa Kanyenye, nimemuuzia Ndugu Gervasi Nizigiyimana gari langu la kutengenezwa kwa mkono, pamoja na injini yake na chesisi yake, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu." Akaipigapiga karatasi. "Umeona? Venansi kanunua vyuma, Venansi kaunda gari, Venansi kaliuza. Mnunuzi ana kitambulisho. Hakuna mwenyekiti wala hakimu."

"Na sahihi?" Demetria akauliza.

"Dole gumba. Muuzaji anaweka la kulia, mnunuzi anaweka la kushoto. Nani atakwenda kupima?"

Gervasi aliufungua mkebe wa wino haraka, kama mtu aliyekwishaamua tangu usiku. Akabandika dole la kulia chini ya jina la muuzaji. Lilitoka vizuri, na kovu lake la cheche likaonekana katikati.

"Ngoja," Demetria alisema. "Huyu Venansi akishauza gari, anakwenda wapi?"

Zablon alicheka. "Mama, huyo si mtu."

"Si mtu vipi, wakati ana dole gumba? Watoto wangu wanaitwa kwa jina lake shuleni. Nimempikia miaka kumi na minne." Akamgeukia mumewe. "Nieleze. Mimi nimeolewa na yupi, aliyeuza au aliyenunua?"

Dole la kushoto la Gervasi lilikuwa limeshapakwa wino, limesimama hewani juu ya karatasi. Demetria aliona aibu, si kwa ajili yake, bali kwa ajili yao wote wawili. Yeye ndiye aliyelianzisha jina hili ili wapate pa kulala, akaliandika kila mahali kwa mwandiko wake mzuri, na sasa mwanamume aliyesifiwa na mkaguzi kwa breki zake alikuwa anajipasua vipande viwili juu ya meza ya stesheneri.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema Kasulu. Nitasema mbele ya Wenceslaus kwamba ni mimi. Lakini ukiweka hilo dole la pili, Gervasi, tutaishi tukijificha mpaka kufa, halafu safari hii tutakuwa tumetia sahihi."

Mvua ya Januari ilikuwa imekatika wiki nzima na vumbi lilikuwa linaingia dukani kila pikipiki ilipopita. Zablon aliitazama saa yake. Saa nne kasoro.

Gervasi alilifuta dole kwenye suruali, tena na tena, mpaka kitambaa kikawa cheusi. Kisha akaichukua ile karatasi, akaikunja, akamrudishia Zablon, akatoka bila kuaga.

*

Wenceslaus alikuwa barazani na redio yake, muhuri wa mtaa uko kwenye kopo la maziwa kando ya kiti.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Nimesikia wamekukamatia Panzi. Nilijua tu, Waha hamwezi kuendesha kitu bila kukamatwa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona shikamoo kavu hivi? Kaeni."

Gervasi hakukaa. Demetria alifungua mdomo, na mumewe akamzuia kwa kiganja.

"Mzee, nimekuja kuomba barua," alisema. "Barua ya kwamba Gervasi Venansi na Gervasi Nizigiyimana ni mtu mmoja. Nizigiyimana ni jina alilonipa mama. Kasulu si kwetu. Nilizaliwa Ulyankulu, kwenye kambi ya wakimbizi, wazazi wangu walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Uraia nilipewa kwa cheti, hiki hapa. Muha mimi si Muha."

Wenceslaus aliizima redio. Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, aliacha kupepeta.

"Ni mimi niliyesema Kasulu," Demetria aliwahi. "Tulikuwa tunatafuta chumba."

"Chumba," Wenceslaus akarudia. Hakumtazama. Alimtazama Gervasi peke yake. "Nilikupeleka kwenye msiba wa baba mkwe wangu. Nikakuonesha mipaka ya shamba. Nikakuambia, hapa ndipo alipolala bibi yenu. Ulikuwa unatazama nini, wewe?"

"Nilitazama kaburi, mzee. Nililia kweli."

"Ulilia." Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia Burundi mwaka ule, ningekufukuza?"

"Sijui," Gervasi alisema. "Mwenye nyumba wa kwanza alinifukuza."

Demetria alianza kuhesabu: dakika za kwenda mahakamani, foleni ya hakimu, dirisha la Yasmini. Alitamani kumshika mzee mkono akamwandikia barua yeye mwenyewe. Mama mwenye ungo aligeuka akaingia ndani, na hakusema karibuni.

Hatimaye mzee alivuta karatasi yenye mistari, akaandika kwa kalamu ya bluu, polepole, akiuliza herufi za jina moja moja, na Gervasi akamtajia. Akapiga muhuri. Akaitoa barua kwa mikono miwili, kama anavyofanya kwa wageni.

"Haya," alisema. "Nenda, ndugu Nizigiyimana."

Demetria aliusikia uzito wa lile neno ndugu. Walitembea mpaka kona, na hapo Gervasi akasimama, akaushika ukuta wa mtu, akavuta pumzi kama aliyebeba kitu kizito.

*

Hakimu alikuwa mahakamani lakini alikuwa na kesi. Wakamngoja mpaka saa nane. Kuapa kwenyewe kulichukua muda usiotosha kunywa chai. Saa tisa kasorobo walikuwa dirishani. Yasmini alisoma barua, akasoma kiapo, akaandika Tanzania, akaandika Gervasi Nizigiyimana bila kuuliza herufi, na mashine ikaitema kadi, akawapa pamoja na pleti namba.

"Sasa ni gari," alisema.

Walikimbia uwanjani. Lori la chuma chakavu lilikuwa limeshafika siku moja mapema, limeegeshwa langoni, na vijana wake walikuwa wanavinjari vyuma kwa macho. Afande Ngollo aliipokea kadi, akailinganisha na chesisi, akafunga pleti namba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akazunguka upande wa kushoto wa Panzi na kusimama.

"Gari la biashara," alisema. "Jina la mmiliki lazima liwe hapa mlangoni. Bila hivyo nikikuachia, wenzangu wa kizuizi watakurudisha kabla hujafika Urambo."

"Nitaandika nikifika nyumbani," Gervasi alisema haraka.

"Hapa. Halitoki bila jina."

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Demetria alipata rangi nyeupe kwa fundi wa jirani na brashi iliyokwisha nywele nusu. Akapiga magoti kwenye kokoto. Watu wakajaa, maana hakuna kinachokusanya watu kama mtu anayeandika.

"Andika GERVASI tu," mumewe alimnong'oneza. "Inatosha."

"Kama kadi inavyosomeka," Ngollo alisema.

"Basi andika ndogo, mama. Ndogo."

Demetria hakuandika ndogo. Aliandika herufi ndefu kama kiganja, moja baada ya nyingine, na watu wakazisoma kwa sauti kadiri zilivyotokea, N, I, Z, wakakosea, wakarudia, wakacheka, mmoja akauliza lugha gani hiyo, mwingine akamjibu nyamaza usome. Magoti yalimuuma. Alipofika katikati alihisi kivuli, na mkono wa Gervasi ukaichukua brashi.

Alimalizia mwenyewe. Herufi zake zilipinda na ya mwisho iliteleza kuelekea chini, lakini hakuacha hata moja. Ngollo aliitazama saa, akafungua lango, nao wakapanda wote wawili.

Kutoka kituoni kwenda barabara ya Urambo kuna njia ya nyuma, kimya, isiyopita Kanyenye kabisa. Demetria aliingojea kona hiyo. Gervasi aliipita. Alishika njia ya mtaani, Panzi akiunguruma, akapita kwa Zablon, akapita kwa Mama Asnath aliyeacha kufagia, na mbele ya nyumba ya Wenceslaus akapunguza mwendo mpaka gari likasimama.

Mzee alikuwa barazani, redio imezimwa. Alikaa kwanza. Halafu akainuka, akashuka ngazi mbili, akaja hadi mlangoni upande aliokaa Demetria. Akalisoma jina, midomo yake ikicheza, mpaka herufi ya mwisho. Akanyoosha kidole, akaigusa ile iliyoteleza, akakitazama kidole kilichochafuka rangi.

"Haijakauka," alisema.

"Bado, mzee," Gervasi akajibu, mikono yote miwili iko kwenye usukani.

"Ukikimbiza, vumbi litaishika."

Alirudi barazani akijifuta kidole kwenye ukuta wa nyumba yake. Gervasi akaingiza gia ya kwanza, na mpaka wanamaliza nyumba za mwisho za mji hakuipandisha, ingawa Usinge ilikuwa mbali na jua lilikuwa linakwenda. Demetria alilia njia nzima.